Sentensi Fupi, Safari Ndefu: Mabadiliko ya Mtindo wa Nathari katika Riwaya za Euphrase Kezilahabi, 1971–1991

Utangulizi

Euphrase Kezilahabi alichapisha riwaya sita katika muda wa miaka 20: Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Gamba la Nyoka (1979), Nagona (1990) na Mzingile (1991). Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili imekuwa ada kuzigawa kazi hizi katika mafungu mawili. Fungu la kwanza, lenye riwaya nne, huitwa la uhalisia. La pili, lenye riwaya mbili za mwisho, limepewa majina mengi: la majaribio, la kifalsafa, la kimetafizikia. Baina ya mafungu hayo huachwa pengo la miaka 11, nalo huelezwa kana kwamba Kezilahabi mmoja alizikwa mwaka 1979 na mwingine akazaliwa mwaka 1990.

Mgawanyo huo una manufaa yake darasani, kwa sababu humwonyesha mwanafunzi upesi kwamba Rosa Mistika na Nagona si vitabu vya aina moja. Hata hivyo unaficha jambo ambalo msomaji wa sentensi, tofauti na msomaji wa maudhui, hawezi kulikosa. Sentensi ya Kezilahabi haikubadilika sana. Ilikuwa fupi mwaka 1971 na ilibaki fupi mwaka 1991. Msamiati wake ulikuwa wa kawaida mwanzoni na ulibaki wa kawaida mwishoni. Kilichobadilika ni kinywa kinachoitamka sentensi hiyo, uhusiano wake na sentensi inayoifuata, na kazi anayoachiwa msomaji katikati ya hizo mbili.

Makala haya yanafuatilia mabadiliko hayo kitabu baada ya kitabu. Yanadai kwamba historia ya mtindo wa Kezilahabi ni historia ya msimulizi anayejiondoa hatua kwa hatua, mpaka sentensi inabaki peke yake. Dai hili linagusa suala ambalo bado linawagawanya wahakiki: je, mwandishi aliyetangaza kwamba anaandika kwa lugha ya mtu wa kawaida alimtupa mtu huyo mwishoni mwa safari yake?

Usuli: mwandishi wa bara na sentensi ya pwani

Nathari aliyoikuta Kezilahabi ilikuwa bado ina deni kwa ushairi. Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, aliijenga sentensi yake kwa sikio la mtunga mashairi. Kirai hujibiwa na kirai, sifa hufuatwa na kinyume chake, na wazo moja hugeuzwa kwa sura mbili tatu mpaka litue. Katika Kusadikika (1951) na Adili na Nduguze (1952) sentensi ya namna hiyo iliafiki, maana wahusika wenyewe ni majina ya tabia: Karama na Majivuno, Adili, Hasidi na Mwivu. Mtu ambaye ni wema mtupu au husuda tupu hahitaji kuzungumza kama jirani. Anahitaji kuzungumza kama methali.

Kwa upande mwingine kulikuwa na waandishi wa visiwani ambao Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kunyonya. Mohamed Suleiman Mohamed, katika Kiu (1972) na Nyota ya Rehema (1976), alionyesha jinsi misemo ya Unguja, maelezo marefu ya sura na mavazi, na mafumbo ya mazungumzo yanavyoweza kuibeba riwaya. Lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyoteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, kwa hiyo mwandishi wa huko alikuwa na urithi wa aina mbili: alikuwa na lugha ya nyumbani, na lugha hiyo hiyo ilikuwa kipimo cha usanifu kwa wengine.

Kezilahabi hakuwa na urithi huo. Alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe. Alisoma katika seminari ya Nyegezi, karibu na Mwanza, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikohitimu mwaka 1970. Kiswahili chake kilikuwa cha shule, cha seminari, cha ofisi na cha mabweni, yaani lugha inayowakutanisha watu wasioongea lugha moja majumbani. Katika mabishano ya ushairi ya miaka ya 1970, suala la nani mwenye lugha lilichemka waziwazi. Mulokozi na Kahigi walipoita diwani yao Malenga wa Bara (1976), jina hilo peke yake lilikuwa hoja. Ni katika hali hiyo ambapo wepesi wa lugha ya Kezilahabi uliweza kuhukumiwa kwa namna mbili, kama uchaguzi wa msanii au kama umaskini wa mgeni.

Kezilahabi mwenyewe alilijua suala hili vizuri. Katika utangulizi wa Kichomi (1974), diwani yake ya kwanza, alitetea mashairi yasiyofungwa na vina na mizani, akataka utunzi utumie lugha ya mazungumzo ya kila siku. Miaka miwili baadaye aliwasilisha tasnifu ya uzamili kuhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba hakuijua sentensi ya Shaaban. Aliisoma kwa makini kuliko wengi wa wakati wake, kisha akaamua kutoiandika.

Sentensi inayofundisha: Rosa Mistika

Rosa Mistika ilichapishwa na East African Literature Bureau. Kisa chake hufuata mkondo wa maisha. Rosa, binti wa Zakaria na Regina, anakulia Namagondo chini ya baba mkali na mlevi. Barua ya Charles inapogunduliwa, Rosa anapigwa. Anakwenda shule ya bweni na baadaye chuo cha ualimu. Uhuru asiowahi kuuzoea unamponza, na pale anapopata mapenzi ya kweli yanamkataa kwa sababu ya yaliyopita. Anajiua.

Sentensi za riwaya hii ni fupi na nyepesi, na hufuatana kwa mpangilio wa wakati. Lakini hazikuachwa zijisemee. Juu yake amekaa msimulizi wa nafsi ya tatu ajuaye yote, ambaye huonyesha tendo kisha hulitolea hukumu. Ukali wa Zakaria hauonyeshwi tu, bali hufafanuliwa kuwa chanzo cha kuanguka kwa bintiye. Uhusiano wa sababu na matokeo umefungwa barabara: kwa kuwa alifungiwa, alipofunguliwa alipotea. Msomaji haachiwi nafasi ya kukosea.

Hapa mbili za shule zinaonekana. Moja ni ya seminari, yenye hadithi ya mfano inayomalizika kwa fundisho. Nyingine ni ya riwaya ya shuleni, iliyomtaka mwandishi awe mwalimu. Jina la kitabu linatoka katika litania ya Bikira Maria, ambaye huitwa waridi la fumbo, na kejeli ya kumpa jina hilo msichana wa namna hii ni nzito. Lakini hata kejeli hiyo inaelezeka, kwani ni fumbo lenye jibu moja.

Ajabu ni kwamba kitabu chenye msimulizi mwenye kufundisha kiasi hiki kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa muda, kwa sababu ya uwazi wake kuhusu mapenzi, kabla ya kuja kukubaliwa kama kitabu cha kiada. Tukio hilo linafunza jambo kuhusu mtindo. Wenye mamlaka waliisoma sentensi, hawakumsikiliza msimulizi. Sentensi fupi inayotaja tendo la mwili bila pazia iliwashtua zaidi kuliko walivyotulizwa na hukumu iliyofuata. Yaani tangu kitabu cha kwanza, sentensi ya Kezilahabi ilikuwa na nguvu ambayo msimulizi wake hakuweza kuidhibiti. Mabadiliko ya baadaye yanaweza kusomwa kama mwandishi kuutambua ukweli huo na kuanza kuutumia kwa makusudi.

Sentensi inayojihoji: Kichwamaji

Hatua iliyofuata ilikuwa kumwondoa msimulizi juu ya kiti chake. Kichwamaji, iliyochapishwa na East African Publishing House mwaka 1974, inasimuliwa na Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyerudi Ukerewe kwa likizo. Tunamkuta akisubiri zamu yake katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na hali hiyo ya kusubiri inampa sauti yake, sauti ya mtu mwenye muda mwingi wa kufikiri na uwezo mdogo wa kutenda.

Kwa kuwa anayesimulia ni mhusika, hukumu haiwezi tena kutoka juu. Kazimoto hujihukumu na hujikana. Sentensi ambazo katika Rosa Mistika zilikuwa kauli sasa mara nyingi ni maswali. Mazungumzo ya vijana kuhusu Mungu, maana ya maisha na thamani ya elimu huendelea bila mshindi, na jibu moja huzaa swali jingine. Wahakiki wameihusisha riwaya hii na falsafa ya udhanaishi, na uhusiano huo ni bayana. Hata hivyo udhanaishi wa Kichwamaji haumo katika mijadala tu. Umo pia katika sarufi ya usimulizi, yaani katika nafsi ya kwanza isiyokuwa na mtu wa kuithibitishia kwamba inachokiona ni kweli.

Linganisha majina. Rosa alipewa jina linaloelezeka. Kazimoto ana jina la bidii, lakini ndiye asiyeweza kuifanya kazi ya kuishi, na mwisho anajiua. Kichwamaji ni ugonjwa wa mtoto mwenye kichwa kikubwa kilichojaa maji, na ni pia sitiari ya msomi ambaye kichwa chake kimekua kuliko mwili wake. Msimulizi haelezi ni maana ipi ishike. Kwa mara ya kwanza katika nathari ya Kezilahabi, maana mbili zinaachwa ziishi pamoja.

Kurudi nyuma kwa muda: Dunia Uwanja wa Fujo

Lau mtindo ungekuwa ngazi inayopandwa bila kurudi, kitabu kilichofuata kingekuwa cha nafsi ya kwanza tena. Haikuwa hivyo. Dunia Uwanja wa Fujo (1975) inarudi kwa msimulizi wa nafsi ya tatu na kisa kirefu cha maisha ya mtu mmoja, Tumaini, anayetapanya mali, akajikusanyia tena kama mkulima mkubwa, kisha akagongana na siasa ya Ujamaa. Anamuua kiongozi wa serikali, naye anahukumiwa kunyongwa.

Kurudi huku kusiharakishwe kuitwa kushindwa. Kezilahabi alitaka kuandika juu ya nchi, na nafsi ya kwanza ya Kazimoto ilikuwa chumba kidogo mno kwa nchi. Lakini msimulizi aliyerudi si yule wa mwaka 1971. Hana hakika. Wazo kuu la riwaya, ambalo jina lake linalibeba, ni kwamba kila mtu huingia ulimwenguni, akafanya fujo yake, akaondoka. Msimulizi mwenye wazo la namna hiyo hawezi kufundisha kwa utulivu, kwa sababu akifundisha naye anafanya fujo yake. Ndiyo maana wasomaji wamegawanyika kuhusu msimamo wa kitabu mbele ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Wako wanaoona Tumaini ni bepari aliyeadhibiwa, na wako wanaoona ni mtu aliyepondwa na nguvu asizozielewa. Riwaya inaruhusu usomaji wa aina zote mbili. Msimulizi ajuaye yote bado yupo, ila sasa anajua mengi kuliko anavyokubali kuyaamua.

Sentensi inayocheka: Gamba la Nyoka

Gamba la Nyoka (1979) inashughulikia kuhamishwa kwa watu kwenda vijiji vya Ujamaa, operesheni iliyofikia kilele chake katikati ya miaka ya 1970. Mandhari ni Ukerewe tena, lakini mhusika mkuu si mtu mmoja. Ni jamii ya vijiji viwili, Kisole na Bucho, pamoja na wasomi vijana Mambosasa na Mamboleo na kasisi aitwaye Padri Madevu.

Majina haya yanatangaza mtindo mpya. Mambosasa na Mamboleo ni maneno mawili yenye maana ile ile. Wasomi wawili wanaojidhani kuwa tofauti wamebatizwa kwa dhana moja. Kejeli ya Rosa Mistika ilimlenga mhusika mmoja. Kejeli ya Gamba la Nyoka imeenea katika lugha nzima, hasa pale lugha ya siasa, yenye istilahi zake za maendeleo na ukombozi, inapowekwa kando ya lugha ya wanakijiji wanaouliza mihogo yao itakuwaje. Msimulizi hahitaji kutoa hukumu. Anaziweka lugha mbili jirani, na kicheko kinazuka katikati yao.

Hapa ndipo mwalimu wa mwaka 1971 anapobadilika kuwa mpangaji wa sauti. Sentensi bado ni fupi, bado ni nyepesi, na bado mwanafunzi wa sekondari anaweza kuisoma bila kamusi. Lakini maana yake haimo tena ndani yake, imo katika umbali wake na sentensi iliyo pembeni. Jina la kitabu linathibitisha mashaka hayo: nyoka hujivua gamba, akabaki nyoka. Je, jamii iliyohamishwa imejivua gamba au imebadilika? Kitabu kinaliacha swali lining'inie.

Miaka 11: karakana

Kipindi cha kuanzia 1979 hadi 1990 hakikuwa kimya. Kezilahabi aliandika makala ya mwaka 1980 kuhusu riwaya ya Kiswahili na mtu wa kawaida wa Afrika Mashariki, jambo linaloonyesha kwamba suala la msomaji lilikuwa mbele yake waziwazi. Alikwenda Marekani, na mwaka 1985 akahitimu shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, kwa tasnifu juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la ufasiri wa fasihi. Mwaka 1988 alitoa diwani ya pili, Karibu Ndani.

Tasnifu hiyo ina uzito katika historia ya mtindo wake. Ndani yake anapinga mazoea ya kuitazama fasihi kama kitu kilichowekwa mbali na mtazamaji ili kipimwe, na anatafuta lugha ambayo ndani yake kuwa na kuwako havitenganishwi na usemi. Haidhuru kama msomaji anakubaliana na falsafa hiyo au la. Matokeo yake kwa nathari yanaweza kutabirika: mwandishi mwenye imani ya namna hiyo hawezi kumrudisha msimulizi anayesimama nje ya tukio na kulifafanua.

Karibu Ndani nayo ilikuwa mazoezi ya ufundi. Shairi huru halina kina cha kuunganisha mshororo na mshororo. Kila mstari unapaswa kusimama kwa nguvu zake, na msomaji ndiye anayevuka kutoka mmoja hadi mwingine. Mshairi aliyekwisha kuizoea nidhamu hiyo kwa miaka 14, tangu Kichomi, alikuwa tayari kuihamishia katika nathari.

Kuna pia sababu ya kimaada ambayo wahakiki wa fani huisahau. East African Literature Bureau, iliyokuwa imechapisha Rosa Mistika na Dunia Uwanja wa Fujo, ilisambaratika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Soko moja la nchi tatu likawa masoko matatu. Gamba la Nyoka ilichapishwa Arusha na Eastern Africa Publications. Nagona na Mzingile zilitolewa na Dar es Salaam University Press. Kitabu kinachotolewa na mashine ya chuo kikuu, chenye kurasa zisizofika 100, hakilazimiki kumridhisha mkaguzi wa shule. Uhuru wa mtindo una uhusiano na anwani ya mchapishaji.

Sentensi peke yake: Nagona na Mzingile

Katika Nagona msimulizi hana jina, na mahali anapopita hapana jina katika ramani. Ukerewe imetoweka. Anasafiri, anafika penye ukimya, anakutana na wazee, vichaa na wanafalsafa waliokwisha kufa, na kuna ngoma kuu inayongojewa. Mzingile inaendelea na safari hiyo katika dunia iliyoteketea. Neno mzingile lenyewe ni njia zilizopindana mpaka mtu hajui atokako wala aendako. Wamitila, katika makala yake ya mwaka 1991, alizisoma riwaya hizi kupitia metafizikia ya mwandishi; Gromov (1998) aliuliza kama ni riwaya, ngano au mfano wa kufundisha. Kwamba swali la utanzu liliulizwa ni ushahidi kuwa mazoea ya usomaji yalikuwa yamevunjwa.

Lakini msomaji akichukua sentensi moja moja, hakuna kilichovunjwa. Maneno ni yale yale ya kawaida: njia, mlima, mzee, kitabu, mwanga, sauti. Sentensi ni fupi kama za Rosa Mistika. Kilichoondolewa ni kamba iliyokuwa ikizifunga. Tendo hufuatwa na tendo bila kuambiwa kwa nini. Katika usimulizi wa Kiswahili, mazungumzo ya barazani na ngano za bibi, mnyororo wa matukio hufungwa na kiambishi -ka-: akaenda, akaona, akarudi. Kila tendo hulishika mkono la kabla yake. Ukisoma Nagona, ni kana kwamba mikono hiyo imeachana. Kila tukio linasimama kivyake, likimtazama msomaji.

Tofauti ya vitabu vya 1971 na 1990 kwa hiyo inaweza kuelezwa bila kutaja istilahi yoyote ya kigeni. Katika Rosa Mistika msimulizi huuliza swali na kulijibu. Katika Kichwamaji mhusika huuliza na hapati jibu. Katika Gamba la Nyoka lugha mbili huulizana. Katika Nagona hakuna anayeuliza, kwa sababu sentensi yenyewe imekuwa swali. Ni mstari mmoja uliopinda, nao haukukatika.

Je, msomaji wa kawaida alitupwa?

Lawama dhidi ya Nagona na Mzingile ni nzito na haifai kupuuzwa. Mwandishi aliyesema mwaka 1974 kwamba ushairi ushuke kwa watu alimaliza kwa vitabu ambavyo watu wengi hawavimalizi. Aidha kuna hasara halisi. Rosa na Regina, wenye majeraha yao mahususi, hawana mfano katika riwaya za mwisho, ambamo binadamu wengi ni alama kabla ya kuwa watu. Mihogo ya Gamba la Nyoka haioti katika mji usio na jina. Anayependa riwaya kwa sababu ya jirani zake atasema kwamba Kezilahabi aliwaacha majirani, na atakuwa na haki.

Hata hivyo lawama hiyo huchanganya aina mbili za ugumu. Kuna ugumu wa neno na kuna ugumu wa uhusiano. Ushairi wa mapokeo, kwa wasomaji wengi wa bara, ulikuwa mgumu wa aina ya kwanza. Msamiati wa Kiamu na Kimvita na misemo ya kale ilikuwa mlango uliofunguliwa na ufunguo wa kuzaliwa. Mtoto wa Lamu alikuwa na ufunguo huo; mtoto wa Ukerewe, au wa Kakamega, alipaswa kuuazima. Nagona ni ngumu ya aina ya pili. Hakuna neno ndani yake ambalo mzaliwa wa Unguja analijua na mzaliwa wa Machakos halijui. Kinachomtatiza mmoja ndicho kinachomtatiza mwingine. Ni ugumu usiokuwa na wenyeji.

Kwa mtazamo huu ahadi ya mwaka 1974 haikuvunjwa moja kwa moja, ilitafsiriwa upya. Awali lugha ya kawaida ilikusudiwa kumrahisishia mtu wa kawaida. Baadaye ilikusudiwa kumpa mtu huyo haki sawa ya kutatizika, yaani kumpeleka mbele ya maswali makubwa bila kumdai kwanza hati ya kuzaliwa pwani. Iwapo mtu wa kawaida aliitaka haki hiyo ni suala jingine, na mauzo ya vitabu hayawezi kulijibu peke yake. Wala halijibiwi na sifa za wahakiki, ambao wengi wao husoma kwa mshahara.

Suala hili lina uzito wa pekee katika idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya Kenya. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na Kiswahili kikawa somo la lazima la kutahiniwa, madarasa yalijaa wanafunzi ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili au ya tatu. Wanafunzi hao wamezoea kuambiwa, kwa maneno au kwa alama za mtihani, kwamba sentensi zao ni nyepesi mno na hazina umbuji. Mfano wa Kezilahabi unaonyesha kwamba wepesi wa sentensi si lazima uwe mwisho wa sanaa. Unaweza kuwa msingi wa jengo ambalo misemo mingi ingelilemea. Lakini unaonyesha pia kwamba wepesi huo ulifanyiwa kazi kwa miaka 20. Si udhuru wa uvivu.

Hitimisho

Baada ya Mzingile, Kezilahabi hakuchapisha riwaya nyingine. Tamthilia ya Kaptula la Marx, aliyoiandika miaka mingi kabla, ilichapishwa mwaka 1999, na diwani ya tatu, Dhifa, ikatoka Nairobi mwaka 2008. Alifundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Botswana, akafariki tarehe 9 Januari 2020. Njia aliyoifungua ilipitwa na wengine. Wamitila, aliyekuwa mhakiki wake, aliandika Bina-Adamu! (2002) na Musaleo! (2004), Said Ahmed Mohamed, aliyetoka upande wa pili wa mjadala wa lugha, upande wa Unguja na Pemba, aliandika Babu Alipofufuka (2001) na Dunia Yao (2006). Kwamba mwandishi wa visiwani mwenye utajiri wote wa misemo naye aliingia katika njia hiyo ni dalili kuwa Nagona haikuwa kimbilio la mtu aliyepungukiwa na lugha.

Uhakiki wa riwaya za Kiswahili umezoea kugawa kazi za mwandishi kwa maudhui na kwa vipindi vya siasa: kabla ya Azimio, wakati wa Ujamaa, baada ya Ujamaa. Uchunguzi wa mtindo hauupingi mpangilio huo, ila unaongeza kalenda ya pili, ambayo mabadiliko yake hayaendi sawa na ya kwanza. Katika kalenda hiyo mwaka 1974 una uzito kuliko 1979, kwa sababu ndipo msimulizi aliposhuka kitini na mshairi alipoacha kina. Yaliyotokea mwaka 1990 yalikuwa mavuno ya shamba lililolimwa mapema. Anayetaka kuielewa Nagona afadhali aanze kwa kuisoma Rosa Mistika upya, polepole, huku akiyaruka maelezo ya msimulizi na kuzisikiliza sentensi zenyewe.